Namna ya Kuipima Oratorio ya Kyagambiddwa

Oratorio ni utungo mrefu unaosimulia kisa kitakatifu kwa waimbaji pekee, kwaya na ala, bila maigizo, na katika zama za Baroko hakuna aliyeikuza kuliko George Frideric Handel (1685–1759), Mjerumani aliyehamia London na bingwa wa kinanda cha kanisani, ambaye mwenyewe alikipiga katikati ya maonyesho ya oratorio zake. Kampala nayo ina ya kwake: Joseph Kyagambiddwa aliwatungia Mashahidi wa Uganda oratorio kwa Kiganda, ikatoka mwaka 1964, mwaka ambao Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu. Anayetaka kupambanua uimbaji bora wa kazi hiyo hana budi kuanza na maneno, kabla hajachukuliwa na ngoma.

Kiganda hutenga maana kwa kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na pia kwa urefu wa matamshi, hata wa konsonanti. Okuta ni kuachilia. Okutta, ambamo t hushikiliwa kidogo, ni kuua, na katika kisa cha watu walioteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 tofauti hiyo ni nzito mno. Tenzi nyingi za wamisionari zilibandika maneno ya Kiganda juu ya tuni za Ulaya, zikapandisha sauti pale neno linaposhuka, ilhali Kyagambiddwa alitafuta tuni ndani ya usemi wenyewe. Kwaya inayolainisha konsonanti ili isikike tamu huiharibu kazi yake, hata ikishangiliwa. Handel naye aliteleza mara kadhaa katika mkazo wa Kiingereza, lakini neno lililokosewa mkazo bado hueleweka.

Kisha zisikilizwe ala, hasa amadinda, marimba ya vibao 12. Wapigaji wawili huketi wakitazamana. Wa kwanza hushika okunaga, wa pili huingiza okwawula katika nafasi zilizoachwa, na wa tatu, kwa okukoonera, hurudia noti teule kwenye vibao viwili vya juu. Upigaji ukiwa safi, hutokea tuni isiyopigwa na yeyote kati yao. Mikono ya mpigaji mmoja ikitambulika peke yake, ufundi haujakamilika. Vibao hivyo hulinganishwa kwa hatua tano zinazokaribia kuwa sawa, ambazo kinanda cha umeme hakinazo, na ndiyo maana kwaya iliyofundishwa kwa kinanda hicho husikika imepotoka mara tu marimba yanapoingia.