Vitabu vya Siasa vya Likizo ya Desemba: Kiongozi Tumemwona, Mfuasi Je?

Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, mwalimu wa Fasihi huulizwa swali lile lile na wazazi na wanafunzi: mtoto asome nini hadi Januari? Wengi wetu hujibu haraka kwamba arudie vitabu teule. Makala haya yanatoa jibu tofauti. Yanapendekeza vitabu vinne vya Kiswahili vinavyoshughulikia siasa, ambavyo havimo katika orodha ya sasa ya KCSE. Kimoja ni kipya, vingine vina umri. Hata hivyo, kwa msomaji wa miaka kumi na saba, kitabu ambacho hajawahi kukifungua ni kipya.

Hoja kuu ni moja. Kitabu bora cha siasa kwa kijana wa leo ni kile kinachomchunguza mfuasi kwa makini yale yale kinayomchunguzia kiongozi.

Hoja hii ina uzito wa pekee wakati huu. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka wa 2027, mwaka uo huo uliopangiwa Uchaguzi Mkuu wa Agosti. Baadhi ya vijana tunaowapa kazi ya likizo watakuwa wamefika umri wa kupiga kura kabla ya kuingia katika chumba cha mtihani. Kwetu sisi tunaofundisha Silanga na mitaa mingine ya Kibera, jambo hili si la nadharia. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliteketeza nyumba na vibanda mitaani humu, na mapema mwaka wa 2008 reli ipitayo Kibera iling'olewa. Wanafunzi wetu wa sasa walizaliwa moto huo ulipokuwa ukizimwa, au baada yake. Wanayajua hayo kwa kusimuliwa tu, na kila msimulizi ana upande wake.

Tatizo la usomaji wetu

Fasihi ya Kiswahili inayofundishwa shuleni haina uhaba wa siasa. Tatizo liko katika namna tunavyoisoma. Mwanafunzi akiulizwa maudhui ya uongozi katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, atataja bila kusita udhalimu wa Majoka: amefunga soko la Chapakazi, anawatumia wahuni, anataka sifa. Hoja kumi zinapatikana na alama zinapatikana. Miongozo inayouzwa kila mahali nayo humpa orodha hiyo hiyo, hata asihitaji kufungua tamthilia yenyewe.

Lakini turejelee onyesho la mwanzo. Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago. Keki ya uhuru inaletwa. Boza na Kombe wanakula, Sudi anakataa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo siasa ya tamthilia nzima ilipo. Majoka hana mikono ya kutosha kuitawala Sagamoyo peke yake. Anatawala kupitia kwa wale wanaokubali kula. Ni mara ngapi tumewauliza wanafunzi kwa nini Boza anakula? Hana njaa ya kufa, wala si mpumbavu. Ana hesabu zake, na hesabu hizo tunazifahamu sana mitaani msimu wa kampeni unapofika, na shilingi mia mbili na pakiti ya unga zinapogawanywa.

Ndivyo ilivyo pia katika riwaya ya Clara Momanyi, Nguu za Jadi. Wanafunzi hulipuka kwa hasira dhidi ya Mtemi Lesulia, hasa wanapofika kwenye moto unaoteketeza makazi ya Waketwa pale Matango. Msomaji wa Kibera anaielewa sehemu hiyo bila mwongozo, kwa sababu Julai 2018 maelfu ya watu walibomolewa nyumba mtaani humu ili barabara ipite. Hata hivyo, mhusika anayestahili mjadala mrefu zaidi ni Mrima, mumewe Mangwasha, anayevutwa na pombe na pesa hadi akaisahau jamii yake. Riwaya hii ina nguvu inapomfuata Mrima. Inalegea kidogo pale inapotuaminisha kwamba kiongozi mwema akishika hatamu mambo yatakuwa yamekwisha. Historia yetu imetufundisha vingine.

Vitabu vinne

Cha kwanza ni Kufa Kuzikana, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa mwaka wa 2003. Ikiwa mwanafunzi ataweza kusoma kimoja tu, na akisome hiki. Ni kisa cha vijana wawili marafiki katika nchi ya kubuni ya Kiwachema, ambako Wakanju na Wakorosho wanachinjana. Mwalimu amwombe mwanafunzi afungue kamusi kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza. Ataona kwamba mkanju na mkorosho ni mti mmoja wenye majina mawili. Katika majina hayo pekee Walibora ameshasema aliyotaka kusema kuhusu ukabila, tena miaka minne kabla ya machafuko ya 2007. Wauaji katika riwaya hii si marais wala mawaziri. Ni majirani. Walibora, aliyefariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020, anakumbukwa zaidi kwa Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, lakini kwa dhamira tunayoijadili hapa, Kufa Kuzikana inazipita zote mbili. Lugha yake ni nyepesi, na hata mwanafunzi wa Kidato cha Pili ataimudu.

Cha pili ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyotolewa mwaka wa 1973. Abdalla alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi? Aliandika mashairi yake gerezani, mengine kwenye karatasi za chooni. Mwaka wa 1974 diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mshairi. Kinaya hicho peke yake kinatosha kipindi kizima cha majadiliano. Abdalla anamhusu mfuasi kwa njia ya kinyume, kwa kuwa ni mtu aliyekataa kufuata akalipa gharama yake. Ugumu upo katika lahaja ya Kimvita na katika arudhi. Mwanafunzi asiambiwe asome diwani nzima. Apewe mashairi matatu, likiwemo "Mamba", ayasome kwa sauti nyumbani, ajiulize mamba ni nani.

Cha tatu ni Haini ya Adam Shafi, riwaya iliyotoka mwaka wa 2003. Msingi wake wa kihistoria ni kukamatwa na kuteswa kwa watu baada ya Abeid Amani Karume kuuawa Unguja tarehe 7 Aprili 1972. Tunamfuata Hamza kizuizini na kuona jinsi mateso yanavyofanya kazi siku hadi siku. Anayewatesa mahabusu si mkuu wa nchi. Ni mtu wa cheo kidogo anayetii amri kisha akarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Swali ambalo riwaya hii inatuachia ni iwapo kutii amri kunamwondolea mtu lawama. Tahadhari moja: zimo sehemu za ukatili. Ningeiacha kwa wanafunzi wa Kidato cha Nne na waliokomaa.

Cha nne, na kilicho kipya, ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa mwaka wa 2022 baada ya Gurnah kutuzwa Nobeli ya Fasihi mwaka wa 2021. Wapo watakaouliza kama hiki ni kitabu cha siasa. Ni cha siasa hasa. Yusuf anawekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya madeni ya babake, na anakua huku utawala wa Wajerumani ukijongea. Mwishoni anafanya jambo linalowashtua wasomaji wengi: anaukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Kwa nini aliyekuwa rehani akimbilie bwana mwingine? Hadithi za ukoloni tunazozifundisha huwa na mkoloni mbaya na Mwafrika shujaa. Gurnah ametunyima faraja hiyo. Kiswahili cha tafsiri kina ladha ya Visiwani, na mwanafunzi wa Nairobi atahitaji kamusi na subira.

Namna ya kuvitumia

Walimu wenzangu watakuwa na mashaka mawili. La kwanza ni gharama. Mzazi wa Silanga anayehesabu kodi na karo ya Januari hatanunua vitabu vinne. Shule inunue nakala chache, kila nakala ipewe wanafunzi watatu wanaoishi karibu, wapokezane kila baada ya wiki moja. Wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini nao huwa na vitabu vya zamani kwa bei nafuu.

Shaka la pili ni zito zaidi: je, huku si kuwaingiza wanafunzi katika siasa? Jibu langu ni kwamba wamo tayari. Vijana walioingia Bunge tarehe 25 Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walikuwa wanafunzi wetu miaka michache iliyopita. Mwalimu wa Fasihi hana ruhusa ya kumwambia mwanafunzi amfuate nani. Ana wajibu wa kumfundisha kujiuliza kwa nini anafuata.

Kwa hivyo, kazi ya likizo isiwe muhtasari wala orodha ya sifa za wahusika. Mwanafunzi aandike ukurasa mmoja akijibu maswali matatu. Ni mhusika gani asiye na cheo aliyeusaidia udhalimu? Alipata nini kwa kufanya hivyo? Ungekuwa yeye, mahali pake, siku ile, ungefanya nini? Swali la tatu halitahiniwi katika KCSE, na haliwezi kujibiwa kwa kunakili mwongozo. Majibu yasomwe darasani wiki ya kwanza ya Januari, mwalimu akisikiliza zaidi ya anavyosema.