Folda Zilizogeuka Shotikati

Mwanafunzi wa Tosamaganga anakwenda Iringa mjini kuprinti ripoti. Akirudi na kuchomeka flashi kwenye kompyuta nyingine, anakuta kila folda ina jina lake lakini imepata mshale mdogo pembeni ya picha yake, na ukubwa unasomeka KB 1 au 2. Wengi wakifika hapo hukata tamaa, wakaiformati flashi. Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa maana hadi dakika ile kazi yao yote ilikuwa salama.

Flashi nyingi hutumia mfumo wa FAT32. Humo kila folda ina maelezo ya baiti 32: jina, tarehe, mahali data inapoanzia, na baiti moja, ya 12, inayobeba sifa. Folda ya kawaida huandikwa 16. Virusi huongeza 2, alama ya kuficha, kisha 4, alama ya faili la mfumo. Jumla inakuwa 22. Hakuna kilichofutwa wala kuhamishwa, ila Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, haionyeshi kitu chenye alama hizo mbili.

Nafasi ya folda iliyofichwa inachukuliwa na shotikati yenye jina na sura ileile. Mtu akiibofya, skripti ya virusi inaanza kazi, na papo hapo folda halisi inafunguka. Anaziona hati zake zote, kwa hiyo hashuku lolote. Hata akiitaka Windows ionyeshe viishio vya majina ya mafaili, kiishio cha shotikati, .lnk, bado hakionekani.

Mbinu hii ilishamiri baada ya mlango wa kwanza kufungwa. Zamani faili la autorun.inf liliiwezesha programu kujiendesha mara flashi inapochomekwa. Windows 7, iliyotoka 2009, iliondoa ruhusa hiyo, na Februari 2011 Microsoft ikafanya vivyo hivyo kwa XP na Vista. Tangu hapo virusi vikahitaji mkono wa mtu.

Bado vinaupata. Mwaka 2023 kampuni ya Mandiant ilieleza ujasusi uliotumia flashi kueneza programu iitwayo Sogu. Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoguswa, na kompyuta za maduka ya kuprinti zikatajwa kati ya njia za maambukizi.

Kuziokoa folda hakuhitaji fundi. Kwenye kompyuta safi, kama flashi imepewa herufi E, amri hii inatosha:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zikisharudi, shotikati na skripti ngeni hufutwa. Lakini kompyuta iliyoambukiza isiposafishwa, mteja anayefuata ataondoka na tatizo lilelile. Kwa wenye maduka, Linux ni kinga nzuri: haijali alama ya kuficha ya FAT, hivyo folda zote huonekana, na skripti zilizoandikwa kwa ajili ya Windows haziamki humo. Kompyuta moja ya zamani yenye Linux, ikitengwa kwa kupokelea flashi za wateja, inaweza kuifanya kazi hiyo bila gharama ya leseni.