Anza na Maji: Jinsi ya Kuchagua Mahali pa Kukutanisha Nyambizi za Mfano

Mashindano ya kimataifa ya nyambizi zinazoendeshwa kwa misuli ya binadamu yalianza mwaka 1989 baharini, huko Riviera Beach, jimbo la Florida, Marekani. Chombo hujaa maji, na ndani yake mzamiaji mwenye mtungi wa hewa hulala kifudifudi akikanyaga pedeli. Mwaka 1995 mashindano hayo yaliiacha bahari yakaingia ndani ya jengo: David Taylor Model Basin, Carderock, Maryland, kituo cha Jeshi la Majini la Marekani ambako maumbo ya meli hupimwa kwa kukokotwa majini. Birika lake la kina kirefu lina upana wa mita 15 na ushei na kina kinachokaribia mita 7. Humo hamna wimbi wala mkondo, na maji ni maangavu. Mwaka 2007 timu ya Omer, ya chuo cha École de technologie supérieure cha Montréal, ilifikisha humo mwendo wa noti 8.035, karibu kilomita 15 kwa saa.

Uingereza ilipoanzisha mashindano ya aina hiyo mwaka 2012, yaliwekwa Gosport, kwenye Ocean Basin ya kampuni ya QinetiQ: urefu mita 122, upana mita 61, kina mita 5.5. Birika la Carderock ni refu na jembamba, kwa hiyo mchezo wake ni kasi ya mstari ulionyooka. Bwawa la Gosport ni pana, na kule chombo hutakiwa pia kugeuka na kupita kwa kupinda huku na huku. Washindani ni wa aina ileile, kanuni za fizikia ni zilezile, ila umbo la maji limezaa mchezo mwingine.

Wapenzi wa nyambizi za mfano zinazoongozwa kwa redio hawafunguliwi milango ya majeshi. Wanakutana kwenye mabwawa ya kuogelea, madimbwi ya bustani na maziwa madogo. Hata hivyo swali lao ni hilohilo, maji gani yanafaa mchezo gani, na kwao ni gumu zaidi, kwa sababu nahodha hayumo chomboni. Amesimama ukingoni na rimoti mkononi, na mambo mawili tu ndiyo yanayomwunganisha na chombo chake: amri zifike chini, na macho yaone huko chini. Waandaaji wengi huanza na ramani, maegesho ya magari na hoteli ya karibu. Mimi naamini waanze na chupa moja ya maji ya mahali penyewe.

Sababu ni redio. Rimoti nyingi zinazouzwa leo kwa ndege, magari na boti za mfano hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Hewani ni redio bora, haziingiliani na hazihitaji mtu kuchagua chaneli. Majini hazifai kabisa. Oveni ya maikrowevu hufanya kazi karibu na masafa hayohayo, na hupasha chakula kwa sababu maji yaliyomo humeza mawimbi. Maji ya ziwani huyameza vilevile: kila sentimita 3 hadi 4 za maji matamu hubakiza kama theluthi moja tu ya ukubwa wa wimbi. Nyambizi ikifika nusu mita chini, hakuna amri itakayoifikia.

Ndiyo maana watu hawa wanazitunza redio ambazo wenzao wa ndege na magari wamekwisha kuziweka kabatini: za megahezi 75 Marekani, za megahezi 40 Uingereza, na za megahezi 27 pande zote mbili. Mawimbi ya masafa hayo ya chini hupenya maji matamu mita kadhaa. Marekani ipo pia bendi ya megahezi 72, lakini hiyo imetengwa kwa ndege za mfano peke yake. Mwenye redio ya ndege asiruhusiwe kuifunga kwenye nyambizi kwa kisingizio kwamba inapenya vizuri, hasa ikiwa jirani kuna uwanja ambapo ndege inaweza kuanguka juu ya kichwa cha mtu.

Sasa hiyo chupa. Maji matamu hayalingani, na jicho haliwezi kuyatofautisha. Kinachoyatofautisha ni kiasi cha chumvichumvi zilizoyeyuka, maana ndizo zinazopitisha umeme, na maji yanayopitisha umeme hula mawimbi ya redio. Kifaa kidogo cha mkononi cha kupima upitishaji umeme, kama kile wanachotumia wafuga samaki, kinatosha. Tuseme maji ya bwawa la kwanza yamesoma mikrosimensi 100 kwa sentimita, na ya bwawa la pili 500, kiwango cha kawaida kwa maji ya bomba ya nchi yenye mawe ya chokaa. Katika lile la kwanza, nyambizi iliyo mita 2 chini hupata zaidi ya asilimia 40 ya nguvu ya mawimbi yaliyoingia majini. Katika la pili, kina kilekile, hupata kama asilimia moja na nusu. Redio nzuri huenda ikavumilia hali hiyo. Redio yenye betri iliyochoka, au antena iliyokunjwa vibaya ndani ya ganda, haitavumilia, na mwenyewe ataondoka akidhani mtambo wake ni mbovu.

Mtego mkubwa zaidi ni bwawa la kuogelea linalotengeneza klorini yake kwa umeme kutokana na chumvi. Limepambwa kwa vigae, maji yanameta, mtu akionja anahisi uchumvi kidogo sana. Lakini lina gramu 3 hadi 4 za chumvi kwa lita, na humo wimbi la megahezi 40 au 75 hupunguzwa hadi theluthi kila sentimita 10 hivi. Mwandaaji akilikodi bila kuuliza swali hili moja, amekodi mahali ambapo nyambizi zitaelea tu. Bahari yenyewe ni kali kuliko hapo: kwa megahezi 40, theluthi hiyo hufikiwa ndani ya sentimita 4. Kwa hiyo fukwe, bandari na mabwawa ya kando ya bahari yanayojazwa kwa maji kupwa na kujaa hayafai, hata yakiwa mazuri vipi na hata jumba la makumbusho ya manowari likiwa hatua kumi pembeni.

Si kila chombo cha chini ya maji hutegemea redio, na hilo hubadili hesabu yote. RoboSub, mashindano ya wanafunzi wanaounda roboti zinazojiongoza zenyewe, yalifanyika miaka mingi San Diego kwenye bwawa la jeshi liitwalo TRANSDEC, lenye urefu wa mita 91, upana wa mita 61 na kina cha zaidi ya mita 11. Roboti hizo hutakiwa kusikiliza mlio unaotolewa chini ya maji na kuufuata, na TRANSDEC lilijengwa kwa ajili ya vipimo vya sauti, umbo lake likipunguza mwangwi wa kuta. Huko waliotafuta mahali walitafuta ukimya wa maji. Sisi tunatafuta maji yanayopitisha redio na nuru.

Na kuhusu nuru, hapa ndipo naona mikutano mingi ingeweza kuboreshwa kwa gharama ndogo sana. Watu husifu maji maangavu, na ni kweli kwamba uangavu ni lazima, lakini wanasahau mahali pa kusimama. Macho ya mtu mzima aliyesimama ukingoni yako kama mita 1.7 juu ya maji. Nyambizi ikiwa mita 20 mbele, macho yanautazama uso wa maji kwa pembe ya nyuzi 5 tu. Kwa pembe hiyo, zaidi ya nusu ya nuru ya anga inayofika pale hurudishwa na uso wa maji hadi machoni, na nahodha huona mawingu badala ya chombo chake. Mpandishe hadi macho yawe mita 5 juu, umbali uleule wa mita 20, na kinachorudishwa hupungua hadi chini ya robo. Mita 3 na kidogo za kimo zina faida kuliko pesa zozote zitakazotumika kusafisha maji. Gati refu, daraja dogo la waenda kwa miguu, ngazi za watazamaji, jukwaa la kurukia: yoyote kati ya hayo ningelihesabu mbele ya uzuri wa bustani. Upande nao una maana. Jukwaa lililoelekea magharibi litatia jua la alasiri machoni pa kila mtu, na bwawa la ndani lenye taa za dari humwaga michirizi ya mwanga juu ya maji siku nzima.

Sakafu nyeupe au ya buluu isiyokolea husaidia kwa sababu nyambizi nyingi ni nyeusi. Upepo huharibu yote: viwimbi vya sentimita mbili tatu vinatosha kuficha chombo kilicho mita moja chini. Ziwa lililozungukwa na miti mirefu lina thamani kwa sababu hiyo, ingawa majani huanguka na kunaswa kwenye rafadha.

Kina hakihitaji maneno mengi, ila kinahitaji hesabu. Nyambizi ya kivita ya Marekani ya daraja la Gato ilikuwa na urefu wa mita 95. Mfano wake wa kipimo cha 1:72, ambao Revell wameuuza kama seti ya kuunganisha, hufikia mita 1.32. Nyambizi hiyo ikiinamisha pua nyuzi 30, pua na mkia vinapishana sentimita 66 kwa wima. Katika dimbwi la bustani lenye kina cha mita moja, nafasi ya kucheza imekwisha kabla mchezo haujaanza. Mita 2 na nusu hadi 3 ni kina kizuri: nyambizi inazama kweli, redio inafika, na iliyokwama inafuatwa na mwogeleaji mwenye miwani ya maji. Zaidi ya mita 5 hakuna anachopata mtu isipokuwa uwezekano wa kupoteza kazi ya miaka, kwa sababu huko chini hakuna anayeona, na uokoaji unahitaji mzamiaji mwenye mtungi. Mifumo ya dharura inayotoa maji kwenye tangi la farumi redio ikinyamaza hufanya kazi vizuri, lakini haiwezi kuitoa nyambizi iliyonaswa na magugu.

Wageni wapewe mapema taarifa ya maji watakayoyakuta. Nyambizi inayozama kwa tangi la farumi husawazishwa kwa gramu. Chombo chenye ujazo wa lita 10 kilichosawazishwa kwenye maji ya nyuzi joto 20 kitakuwa kizito kwa gramu 25 hivi kikiingizwa kwenye maji ya nyuzi 30, kwa kuwa maji ya moto ni mepesi zaidi. Ni kidogo, lakini kwa anayetaka kuning'inia katikati ya maji bila kupanda wala kushuka, gramu 25 ni asubuhi nzima ya kuongeza na kupunguza vipande vya risasi na sponji. Kwa hiyo pawepo pia sehemu isiyo na kina, kama ngazi za bwawa, ambapo watu husawazisha vyombo vyao bila kuzuia njia ya wengine.

Umbo la ukingo linahusu usalama wa redio. Bendi ya megahezi 75 ina chaneli 30, na rimoti mbili zikiwashwa kwenye chaneli moja, nyambizi moja hupokea amri za watu wawili. Dawa yake ni ya zamani: ubao wenye vibanio, kila chaneli na kibanio chake, na asiyekishika asiwashe. Ubao huo hulinda tu kama kila mtu anaupita. Ziwa lenye njia pande zote hualika mgeni aliyechelewa kuegesha ng'ambo na kuwasha rimoti yake bila kujua. Bwawa lenye lango moja hulimaliza tatizo kabla halijazaliwa.

Kisha kuna mwenye bwawa, na hofu zake ni za haki. Atauliza kuhusu asidi ya betri, grisi, rangi inayobanduka na vyuma vinavyokwaruza vigae. Majibu yaandikwe: betri zimefungwa ndani ya silinda isiyopitisha maji, kuchaji kunafanyika mbali na ukingo, kila chombo kinakaguliwa kabla ya kuingia. Yeye naye aombwe kuzima pampu za kuchuja, maana maji yanayorudi kwa kasi huyumbisha nyambizi, na tundu la kutolea maji sakafuni linaweza kuivuta.

Mimi, kwa mkutano wa Marekani, ningekodi bwawa la nje la manispaa, la mita 50, lisilo la chumvi, lenye mnara wa kurukia na ngazi za watazamaji, na ningelitaka wikiendi ya kwanza baada ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya mapema Septemba. Mabwawa mengi ya nje hufunga msimu siku hizo. Baadhi hufungua kwa siku moja ya mwisho ili mbwa waogelee kabla maji hayajatolewa. Meneja huwa hana waogeleaji wa kuwahamisha, maji bado ni maangavu, na kodi inajadilika. Ziwa ningeliweka kuwa chaguo la pili, na kabla ya kulipa chochote ningetuma mtu mmoja na nyambizi moja iliyofungwa uzi na boya, aizamishe hadi kina kinachotakiwa kwenye kona ya mbali kuliko zote, asimame pale ambapo wageni watasimama, na asogeze usukani kulia na kushoto hadi aone kama unaitika.