Kifurushi kilichoupita ukaguzi wa openSUSE kwa karibu miaka minne

Mei 7, 2025, timu ya usalama ya SUSE ilitangaza kwamba Deepin, eneo-kazi la Linux linalotengenezwa China, linaondolewa kwenye matoleo mawili ya mfumo wa Linux wa openSUSE: Tumbleweed, na Leap 16.0 iliyokuwa bado inaandaliwa. Hakukuwa na taarifa ya mtu kuibiwa data wala kuambukizwa virusi. Kilichowaudhi wakaguzi ni kifurushi kidogo kiitwacho deepin-feature-enable, kilichoingia hazinani Aprili 2021. Kazi yake ilikuwa kuweka kwenye mfumo mipangilio ambayo timu hiyo ilikuwa haijaiidhinisha, tena kwa njia ambayo mitambo ya ukaguzi isingeweza kuiona. Kiligunduliwa Januari 2025, kwa bahati tu, wakati wa mapitio ya kawaida.

Ili kuelewa kilivyopenya, tuanze na ukaguzi wenyewe. Vifurushi vingi vya openSUSE hutengenezwa na watu wa kujitolea, na hakuna timu inayoweza kusoma kila mstari wa kila kimoja. Badala yake, kila kifurushi kinapojengwa, programu ya rpmlint hupitia orodha ya faili zake. Ikikuta faili inayosajili huduma kwenye D-Bus ya mfumo (njia ambayo programu huwasiliana), au sera mpya ya Polkit, isiyokuwemo kwenye orodha ya zilizoidhinishwa, ujenzi hukwama mpaka timu ya usalama itoe ruhusa.

Faili hizo hupewa uzito huo ingawa mara nyingi ni kurasa chache tu za XML. Huduma yenye uwezo wa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, husubiri maombi kupitia D-Bus: faili ya D-Bus huamua nani aruhusiwe kubisha hodi, na sera ya Polkit huamua kama aliyebisha ataulizwa nenosiri au atapita moja kwa moja. Ukikosea hapo, mtumiaji wa kawaida, au programu yoyote iliyoingia kwenye akaunti yake, anaweza kuiagiza root. Hatari hiyo haikuwa ya kufikirika. Mwaka 2019 wakaguzi walipoichunguza huduma ya meneja wa faili wa Deepin, waliona kwamba mtumiaji yeyote angeweza kuunda vikundi vipya vya watumiaji, kumwingiza mtu kwenye kikundi chochote, na kubadili nenosiri la mtu mwingine la Samba, huduma ya kushirikisha faili. Ruhusa haikutolewa.

Hapo ndipo mtengenezaji wa kifurushi alipotafuta upenyo. Faili zilizokataliwa hazikuwekwa mahali pake pa kawaida. Zilifungwa ndani ya faili za tar, na rpmlint ikaona faili za tar tu, ambazo kwayo ni data kama data nyingine. Kisha deepin-feature-enable kikamwonyesha anayesakinisha maelezo yaliyovaa sura ya makubaliano ya leseni: sehemu hizi hazijakubaliwa na timu ya usalama ya SUSE, na kama hilo halikusumbui, kubali. Akikubali, skripti inafungua zile faili za tar na kuzipeleka mahali ambapo D-Bus na Polkit huzisoma.

Naelewa kilichomsukuma. Mapitio yalichukua miaka, marekebisho kutoka kwa watengenezaji wa Deepin yalichelewa au yalikuja na kasoro mpya, na watumiaji walitaka eneo-kazi linalofanya kazi. Lakini ile ridhaa haina thamani, na hilo ndilo linalonikera kuliko ujanja wa tar. Anayebonyeza kukubali ni mmoja, ilhali mipangilio ya mfumo humfunga kila mwenye akaunti kwenye mashine ile, hata asiyewahi kulifungua Deepin maishani mwake. Tena mtu ameombwa akubali hatari bila kuambiwa ni ipi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba nenosiri la mwenzake linaweza kubadilishwa.

Madhara mengine huja baadaye. Faili iliyotolewa na skripti haimo kwenye kumbukumbu za rpm, programu inayosimamia vifurushi. Amri ya `rpm -V` haiwezi kuithibitisha, na kuondoa kifurushi hakuhakikishi kwamba nayo itaondoka. Huduma ikirekebishwa, sera ya zamani inaweza kubaki palepale. Jambo la aina hiyo hutokea hata kwa vifurushi visivyo na hila: faili iliyowekwa `/etc/sysctl.d` huifunika yenye jina lilelile iliyo `/usr/lib/sysctl.d`, kwa hiyo sasisho linalofika baadaye kwenye `/usr/lib` halibadilishi kitu, na mfumo haulalamiki.

Wenye nia mbaya nao wanaijua njia hii ya kuficha kazi ndani ya skripti. Julai 2018, kifurushi cha acroread kwenye AUR, hazina ya watumiaji wa Arch Linux, kilikuwa hakina mtunzaji. Mtu akakichukua, akaongeza agizo la kuvuta skripti kutoka intaneti, nayo ikaweka kipima muda cha systemd kilichofanya kazi kila sekunde 360.

Kwa hiyo orodha ya faili peke yake haitoshi kukuonyesha kifurushi kitafanya nini. Kabla ya kusakinisha rpm kutoka nje ya hazina rasmi, endesha `rpm -qp --scripts` na usome kila skripti inayotokea; kwa deb, `dpkg-deb -e` hukutolea zile za udhibiti. Skripti inayofungua tar, inayovuta kitu mtandaoni au inayogusa `/etc` iulizwe sababu yake. Tukirudi kwa openSUSE, kwenye Leap 15.6 Deepin lenyewe halikuondolewa, ila deepin-feature-enable tu. Aliyewahi kukubali yale makubaliano akague `/usr/share/dbus-1/system.d` na `/usr/share/polkit-1/actions`, faili moja moja, kwa `rpm -qf`. Ile ambayo rpm inasema haina kifurushi kinachoimiliki, aisome kwanza, kisha aamue kama ibaki.