Nguvu ya Sukuma-Vuta Iko Mizizini

Mbinu ya sukuma-vuta, iliyobuniwa miaka ya 1990 na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wakiongozwa na Zeyaur Khan huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kwa ushirikiano na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, huelezwa zaidi kwa habari ya harufu. Desmodiamu iliyopandwa kati ya mistari ya mahindi humfukuza nondo wa funza wa mabua; matete yanayozunguka shamba humvuta. Harufu ya matete huongezeka karibu mara 100 katika saa ya kwanza ya giza, nondo anapotafuta pa kutaga, na funza wengi wanaoanguliwa humo hunaswa na utomvu wakafa. Hayo ni kweli, lakini naamini harufu peke yake isingemfanya mkulima aendelee na mbinu hii mwaka baada ya mwaka. Kinachomshika ni mizizi ya desmodiamu.

Magharibi mwa Kenya kuna kiduha, gugu la maua ya zambarau ambalo Wajaluo huliita kayongo. Mbegu yake huamka inapopata kemikali za mizizi ya mahindi, hujishikiza hapo na kunyonya maji na virutubisho. Gugu linapoonekana juu ya ardhi, hasara imekwisha kutokea. Kung'oa wakati huo ni kuchelewa. Mmea mmoja huacha makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, zinazodumu udongoni miaka mingi. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu hizo, na nyingine zinazozuia chipukizi kushika mzizi wa mahindi. Chipukizi hufa kwa kukosa chakula, na akiba ya mbegu hupungua msimu hadi msimu. Desmodiamu ni ya kudumu, hivyo kazi hiyo haikomi mahindi yakivunwa. Na kwa kuwa ni jamii ya kunde, huongeza nitrojeni udongoni.

Ndiyo maana ubishi wa karibuni kuhusu harufu hauiangushi mbinu. Wapo watafiti wanaosema desmodiamu haimfukuzi nondo, bali vinyweleo vyake hunasa viwavi wachanga. Wengine wameipima harufu mashambani na kuikuta. Vyovyote iwavyo, utafiti uliochapishwa 2018 kutoka Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha viwavijeshi vamizi kupungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika mashamba ya sukuma-vuta.

Pingamizi zito ni la ardhi na kazi. Mwenye nusu ekari ana haki ya kuuliza kwa nini ayaachie matete nafasi. Jibu ni malisho: matete na desmodiamu hulisha ng'ombe wa maziwa. Asiye na mifugo wala mnunuzi wa majani hapati faida hiyo, na asidanganywe. Tena msimu wa kwanza desmodiamu hukua polepole, hutaka palizi ya mkono, na mbegu yake ni ghali. Lakini huota pia kwa vipande vya shina. Maafisa ugani wahimize wenye mashamba yaliyokomaa kuwagawia majirani mashina hayo kabla ya mvua za masika.