Heko, Walimu wa Shambani

Wenye magari ya nembo mlangoni wana wa kuwasifu. Mimi nawapongeza wakulima-walimu wa ufuo wa Ziwa Victoria, kuanzia Mbita hadi viunga vya Kisumu, wanaojitolea kuacha palizi yao wakafundishe kwa jirani.

Somo lao ni vuta-sukuma, mbinu iliyokuzwa Mbita na watafiti wa icipe, taasisi aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi: harufu yake hufukuza nondo wanaozaa funza watoboa mabua, na mizizi yake hulikomesha gugu linalonyonya mahindi, kayongo kwa Wajaluo. Pembezoni, nyasi za napia huwavuta nondo hao, na funza wengi hufia humo. Mimea yote miwili, kumbe, ni lishe ya ng'ombe!

Biovision, shirika la hisani la Uswisi, limesaidia kazi hii kwa fedha. Hata hivyo, mkulima huamini mahindi ya mwenzake kuliko kijitabu chochote.

Kama shamba lako limeota kayongo, mtafute mmoja wa walimu hawa kabla ya mvua za masika.