Nani Ombaomba katika "Sultani Darai"?

Ni rahisi kufundisha kisa cha "Sultani Darai", alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870 miongoni mwa hadithi za Unguja, kama onyo dhidi ya utovu wa shukrani. Kwa maoni yetu, onyo hilo pekee halitoshi.

Hamdani ni maskini anayechokora jaani. Anaokota thumni, naye anaitoa yote kumnunua paa. Paa huyo anamtafutia mke, jumba na jina la usultani. Baadaye paa anaugua na kumtuma kikongwe amwombee chakula. Hamdani anaamuru apewe kilicho duni. Hapa ishara inageuka: mwombaji sasa ni paa, na aliyetoa akiwa hana kitu ananyima akiwa na kila kitu.

Paa anapokufa, Hamdani anaota anachokora jaani. Akizinduka, yuko jaani kweli. Basi jaa si alama ya fedheha tu. Ndipo utu wake ulipokuwa.

Darasani tuwaulize wanafunzi: ombaomba ni nani, na lini? Tukimdharau Hamdani kwa umaskini wake, tutakuwa tumeisoma hadithi kinyume.